Mtoto anageukageuka tumboni? Kabla hujaanzishiwa uchungu waambie wapapase tena

Wamama wenzangu, mimba yangu ya nne ilinihangaisha jamani. Wiki ya 36 mtoto kakingama, wiki ya 37 kichwa kiko chini nikafurahi weee, siku tatu mbele nahisi kitu kigumu cha mviringo chini ya mbavu, kumbe kichwa kimerudi juu. Daktari akasema ukishazaa mara nyingi misuli ya tumbo inalegea, mtoto anapata uwanja wa kuzunguka. Wengine ni maji kuzidi, wengine uvimbe kwenye kizazi au kondo limekaa chini, so utrasaundi usiikwepe, maana kondo likiziba njia hapo hakuna cha kuanzishiwa uchungu, ni oparesheni tu.

Nikalazwa wiki ya 38. Hofu yao ilikuwa kamba ya kitovu cha mtoto: mtoto akiwa amekingama halafu chupa ikapasuka, hakuna kichwa cha kuziba mlango, kitovu kinaweza kutangulia kikabanwa na mtoto akakosa hewa ndani ya dakika chache. Na dripu ya uchungu ikiwekwa mtoto kakingama, kizazi kinaweza kuchanika, hasa kwa sisi tuliozaa sana.

Asubuhi ya kuanzishiwa nesi kijana alishatundika dripu, anasoma majibu ya utrasaundi ya jana yake, kichwa chini. Nikamwambia sista, usiku huu kacheza sana, naomba unipapase kwanza. Akamwita mwenzake mtu mzima, yule mama akapasha mikono, akapapasa taratibu, akanishika kiganja akakiweka ubavuni kulia, "kichwa hiki hapa mwanangu." Dripu ikashushwa!! Daktari akaja akamgeuza kwa mikono juu ya tumbo huku wanasikiliza mapigo ya moyo, nesi akamshikilia pande zote mbili, ndo dripu ikaanza pole pole, na chupa hawakuigusa mpaka kichwa kilipoingia kwenye nyonga. Saa 11 jioni nikajifungua kawaida, kilo 3.4.

Kwa hiyo mjamzito mwenzangu omba upapaswe dakika ileile, kabla ya dripu na kabla ya chupa kupasuliwa, majibu ya jana hayatoshi kwa mtoto wa aina hii. Na uwe hospitali yenye chumba cha upasuaji, maana akigeuka katikati ya uchungu hamna muda wa kutafuta gari. Kukandwa tumbo mtaani na dawa za miti za kuharakisha uchungu naomba sana mziache, hizo dawa hakuna anayepima kipimo.

Chupa ikikupasukia nyumbani usisubiri uchungu, nenda saa hiyohiyo. Ukihisi kamba ya kitovu imetoka ukeni usiirudishe, piga magoti, kifua chini makalio juu, na upelekwe hospitali hivyohivyo. Wifi yangu kabla sijalazwa alilala na funguo za bajaji chini ya mto wiki nzima.