Jibu: Kwa nini tupime meno nchi nzima wakati hospitali zina rekodi?
Mkuu, rekodi za hospitali zinakuonyesha waliofika kliniki tu, na wengi hufika jino limeshauma. Anayevumilia nyumbani haonekani popote. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani (WHO) linapendekeza kupima makundi maalumu ya umri: miaka 5, 12, 15, 35–44 na 65–74. Mimi naangalia kwanza wa miaka 12, maana meno mengi ya ukubwani yameshaota na wengi bado wanapatikana shuleni. Huhesabiwa meno yaliyooza, yaliyong'oka kwa kuoza na yaliyozibwa. Ukikuta yaliyooza ni mengi na yaliyozibwa karibu hakuna, ujue matibabu hayawafikii. Hapo mabango ya "piga mswaki" (wanasiasa wanayapenda sana!) hayatoshi, bajeti iende kwanza kwa wahudumu na vifaa vya kuziba.