Gari la pili la kwendea kazini: bima siyo inayokula pesa

Ndugu yangu, umeuliza kama ununue Toyota Vitz kuukuu ya kutoka Likoni, ng'ambo ya feri, kwenda kazini mjini Mombasa, gari la kwanza abaki nalo shemeji. Bima isikutishe sana. Kwa gari la bei hiyo chukua ya thadi pati, ile inayolipa hasara ya watu wengine tu, si ya gari lako; ndiyo sheria inayolazimisha, na waweza kulipa mwezi kwa mwezi. Kinachokula pesa ni mengine. Gari hulipia feri. Wewe kwa miguu wavuka bure. Halafu foleni ya jioni: injini yanguruma, eisii imewashwa, mafuta yaisha nanyi hamjasogea. Na upepo huu wetu wa chumvi! Kabla hujatoa hata shilingi, inama uchungulie chini ya milango na kwenye chesisi. Rangi iliyovimba ni kutu tayari. Mimi ningepanda tuktuk na feri mwezi mzima kwanza, niandike nauli yote, ndipo nilinganishe.