Muulize alishika nini mkononi

Picha ya kwanza niliyomchorea Ba ilipendeza, lakini haikuwa ya kweli hata kidogo. Ba ni jirani yangu hapa Leicester, Uingereza, mama mzee wa Kigujarati aliyezaliwa Jinja. Wajukuu wake ndio humwita hivyo, nami nikafuata. Alikuwa amenihadithia juu juu jinsi alivyoshuka uwanja wa ndege wa Stansted Oktoba 1972, baada ya Idi Amin kuwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Nikaenda zangu nyumbani, nikachora mwanamke analia kwenye theluji, masanduku yamemzunguka.

Akaitazama weee, kisha akaniambia kwa Kiswahili chake cha dukani: "Binti, mimi hapana lia siku ile. Na hii theluji natoka wapi?"

Ilitoka kichwani mwangu, pamoja na machozi. Siku ile kulikuwa na manyunyu tu. Hata yale masanduku niliyazua: watu walitoka na pauni 50 hivi kwa familia, na kati ya Kampala na Entebbe askari walikuwa wakisimamisha magari na kupekua mizigo. Ba alifika na sanduku moja.

Kwa hiyo, wewe unayetaka kuchora siku ya kwanza ya mtu ugenini, nakusihi usianze na "ulijisikiaje?" Swali hilo mtu ameshalijibu mara nyingi, na jibu lake limechakaa. Muulize alishika nini mkononi. Miguuni alivaa nini? Nani alimpa chakula cha kwanza, na kilikuwa chakula gani?

Nilipouliza hivyo ndipo koti lilipojitokeza. Akina mama wa kujitolea waliowapokea waligawa makoti ya baridi, Ba akaangukia la kiume, mikono yake inamfunika hadi vidole. Wakiwa ndani ya basi kwenda Stradishall, kambi ya zamani ya jeshi la anga, alitia mkono mfukoni akakuta karatasi ya peremende ya mtu asiyemjua. Hakuitupa. Akanionyesha ilivyokunjwa: mara mbili, ikageuzwa, ikakunjwa tena. Zaidi ya miaka 50 imepita, na vidole vyake vilifanya vile bila kusita.

Nikachora mfuko ule peke yake, kwa mkaa, umetokeza nje, na karatasi tu ndiyo nikaitia rangi. Tangu hapo huomba ruhusa ya kurekodi sauti, maana ukiinamia daftari huwezi kuitazama mikono ya anayesimulia.

Jingine: usimchagulie mtu kati ya shukrani na uchungu. Ba anawaombea dua wale akina mama mpaka leo. Lakini pia anakumbuka tangazo ambalo halmashauri ya Leicester ililitoa kwenye gazeti la Uganda Argus mwaka huo, kuwataka wasije mji huu. Nilitaka kuliacha ili maonyesho ya picha hizi yawe ya furaha, mwanawe akanikatalia kabisa, na alikuwa na haki. Sasa lipo kwenye picha ya barabara ya Belgrave, gazeti limelala chini ya dirisha la duka la sari.

Na picha irudi kwa mwenyewe kabla hujaitundika popote. Familia moja iliniomba niufute uso wa baba yao. Nikaufuta, sikuuliza sababu.

Picha ya Ba niliipeleka jioni moja baada ya chakula. Mjukuu wake wa miaka tisa akaisogelea, akamuuliza, "Ba, karatasi ilikuwa ya rangi gani?" Ba akamjibu papo hapo kwamba ilikuwa ya kijani.

Mimi nilikuwa nimeipaka nyekundu. Nikaichukua ukutani, nikarudi nayo nyumbani.