Barua ya Uhamisho Huanzia Kwenye Ratiba

Walimu wadogo zetu mlioripoti shule za Mombasa juzi juzi, lile neno tumelisikia tena chumba cha walimu: "Mwalimu mkuu hanitaki, ndiyo maana nimehamishwa." Jamani, mara nyingi ni hesabu ya vipindi tu.

1. Shikeni 27. Hivyo ndivyo vipindi vya dakika 40 anavyohesabiwa mwalimu wa sekondari kwa wiki. Shule ya mikondo 3, vidato 4, somo la vipindi 5: jumla 60. Gawanya kwa 27, unapata walimu 2 na vipindi 6 vya kubaki. Sasa vidato 4 vinapisha madarasa 3 ya mtaala mpya, Gredi ya 10 hadi ya 12. Somo hilo hilo likibaki na vipindi 5, jumla ni 45, na walimu 2 hawajazi mzigo wao. Hakuna aliyekosea, ila ziada ya walimu imeshazaliwa.

2. Anayehesabiwa kuwa ziada huokolewa na somo lake la pili, na hapa ndipo mnapotutia uchungu. Mwalimu amesajiliwa Kiswahili na Historia. Anambembeleza naibu wa mwalimu mkuu amwachie Kiswahili peke yake, Historia apewe mwalimu wa BOM, yaani aliyeajiriwa na bodi ya shule. Ratiba inabandikwa: ana vipindi 10, na Ijumaa hana hata kimoja. Anafurahi! Takwimu za walimu zikipanda ofisi ya kaunti, Kiswahili kinaonekana kina walimu 3 kwa kazi ya 2, na jina lenye vipindi 10 ndilo la kwanza kuonekana. Afisa husoma kilichoandikwa. Shule ya Likoni inalia haina mwalimu wa Kiswahili, basi barua inatoka. Huku nyuma wanafunzi wa Historia wamebaki na mwalimu wa BOM anayelipwa na wazazi. Chukueni somo la pili, hata kwa vipindi 6, na kabla takwimu hazijatumwa mwombeni naibu muone kama masomo yenu yote mawili yameandikwa.

3. Barua ikija, ripoti kwanza, rufaa baadaye. Kabidhi vitabu na alama, chukua barua ya kuachiliwa, kisha hakikisha shule ya zamani imekutoa kwenye mfumo wa tume ya walimu (TSC) na mpya imekuingiza. Ukikaa nyumbani Kisauni kungoja jibu, shule zote mbili zitasema hupo. Huo ni utoro kazini, na mshahara husimama.

4. Posho ya nyumba hufuata kituo, haifuati unapolala. Ukitolewa Mvita ukapelekwa Kwale mashambani itashuka, hata ukivuka feri kila siku. Mwenye mkopo wa sacco apige hesabu hiyo siku ile ile ya barua.