Mkeo hakuasi, Mwinjilisti. Alilipa karo

"Shangazi, nakusalimu katika jina la Bwana. Nimemtumikia Mungu huku Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, kwa miaka 11. Nimepanda makanisa 7 upande wa Kotido, na watu wameokoka mpaka manyatta za mbali. Lakini mke wangu ameasi. Miaka yote alikuwa akilalamikia mambo madogo madogo, na Februari mwaka huu aliuza cherehani bila kuniuliza, akachukua watoto, akarudi kwao Busia. Sasa anauza dagaa sokoni. Nikimpigia anasema nikimtaka nimfuate. Hata binti yangu, aliyekuwa akiniheshimu mpaka akaniita Mwinjilisti kama waumini wengine, siku hizi hapokei simu. Mimi nafuata nyayo za Kanoni Apolo Kivebulaya aliyeacha vyote kwa ajili ya Injili. Je, nimwite mke wangu mbele ya wazee wa kanisa, au nimwachie Mungu?
Mtumishi aliyeachwa, Kotido"

Mwanangu, pole. Nyumba isiyo na sauti za watoto inauma, hata kwa mtu wa maombi.

Sasa tuseme ukweli. Barua yako ilikuwa ya kurasa nne, hapo juu nimeifupisha. Nimeisoma mara tatu nikitafuta majina ya watoto wako. Makanisa yako yote saba umeyataja moja moja, mpaka lile linalokutana chini ya mgunga. Watoto sijui hata ni wangapi.

Nikarudi kwenye hayo "mambo madogo madogo". Umeyaorodhesha mwenyewe: kisima kilikuwa mbali, usiku mmoja bunduki zililia wezi wa ng'ombe walipopita, na mtoto alilala na homa siku tatu wewe ukiwa safarini. Mwanamke aliyevumilia hayo miaka 11 si mwasi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata katika nyumba yako alikuwa yeye.

Halafu hiyo Februari. Mama yeyote wa Uganda akisikia Februari anasikia shule zinafunguliwa. Elimu ya bure ilianza mwaka 1997, ndiyo, lakini mwenye mtoto anajua kwamba haendi shule mikono mitupu. Kuna sare, kuna madaftari, kuna mifagio, kuna karatasi za chooni, kuna rimu ya karatasi, na wa bweni anataka godoro. Mshonaji hauzi cherehani yake kwa kiburi. Anaiuza akiwa ameshauza vingine vyote. Tena umeandika "cherehani yetu", kisha mistari miwili chini kalamu ikateleza: alikuja nayo kutoka kwa baba yake. Na ukurasa wa tatu unamshukuru Mungu kwamba mwezi huohuo marafiki wa Kampala walikutumia fedha "za kukusaidia wewe na nyumba yako", nawe ukanunua spika mbili na betri ya sola.

Hapo niliiweka barua chini kwanza.

Lakini lililonitoa machozi ni la binti. Umeliandika kama sifa. Mtoto anayemwita baba yake Mwinjilisti hamheshimu, mwanangu. Ameamua kwamba baba hana, ana mchungaji kama majirani. Baba yangu mzazi alikuwa katekista. Alikuwa akiondoka Jumatatu na baiskeli, akirudi Ijumaa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kabla hajavua koti aliketi kizingitini, akasema, "Leteni madaftari." Akayafungua moja moja kwa vidole vyenye mafuta ya cheni ya baiskeli. Madaftari yetu yote yalikuwa na alama zile nyeusi pembeni, na mwalimu alikoma kutugombeza kwa sababu alijua zimetoka wapi. Alikuwa mbali siku tano kila wiki, lakini hatukukosa baba.

Kanoni Apolo mwache alale kwa heshima yake. Mwinjilisti huyo kutoka Uganda alifika Mboga, ambako leo ni Kongo, mwaka 1896, akafa hukohuko mwaka 1933, na mzigo ule aliubeba bila mke wala watoto waliomngojea. Alichotoa kilikuwa chake. Wewe umetoa cherehani ya mwanamke. Ukitaka mfano wa mtumishi mwenye ndoa, tazama Mengo, pale Kampala. Daktari Albert Cook alianzisha hospitali pale mwaka 1897, na Katharine aliyemwoa mwaka 1900 alikuwa muuguzi wa misheni kabla hajawa mke wake. Mama huyo alifunza wakunga wa nchi hii. Huyo alikuwa na wito wake, na mume aliujua. Wa mkeo uliwahi kuuliza?

Na hapa nasema na vijana wote, si wewe peke yako. Huku kwetu senga, yaani shangazi, humfunda msichana kabla hajaolewa. Mvulana nani anamfunda? Wanakutana kwaya, sauti zinapatana, introdakisheni, ile sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, inafanywa, picha zinajaa simu. Hakuna anayeuliza: tukitumwa mbali tutakula nini, mtoto atasoma wapi, mama yako akiugua atauguzwa na nani? Kisha siku moja mume anaamka na kusema, "Mungu amesema nami." Neno hilo likishatoka, mke akibisha anaonekana anabishana na Mungu. Wengi wamenyamazishwa hivyo, nimekaa nao jikoni na kuwasikiliza. Mungu aliyesema na mume anajua njia ya kusema na mke. Kama mke hajasikia, mume angoje. Paulo mwenyewe alimwambia Timotheo kwamba asiyeweza kuisimamia nyumba yake hawezi kulitunza kanisa, na wewe mstari huo umeuhubiri, najua.

Sidharau kazi yako. Watu wa Kotido wanahitaji mtu anayekaa nao, na wewe umekaa. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao.

Wazee wa kanisa usiwaite. Wakikaa, atakayekalishwa kwenye benchi la mbele ni wewe. Panda basi, ushuke Mbale, kisha Tororo, kisha Busia. Usiende na mchungaji. Nenda sokoni asubuhi, umbebee gunia la dagaa mpaka mezani pake, na usiseme neno la Injili mpaka atakapomaliza kusema yake, hata akisema mpaka jioni. Muulize deni la shule limebaki kiasi gani, ulichukue liwe lako. Habari ya kurudi Kotido isubiri mpaka aitaje mwenyewe, na akiitaja, muulize anataka kukuta nini kule. Akitaka kubaki Busia, basi mihula mitatu ya mwaka ina likizo tatu, na zote ni zao.

Binti akikuita Mwinjilisti usimkaripie. Omba kuona daftari lake.

Na ukifika Mbale, kabla hujabadili gari, ulizia bei ya cherehani. Spika moja inauzika. Wale wa chini ya mgunga walikuwa wakikusikia vizuri kabla hazijaja.