Usukani ukitetemeka, shika jeki kabla ya kwenda duka la spea

Gari langu ni Land Cruiser HZJ78, ile mkonga yenye springi za koili mbele na ekseli nzima. Lilinitesa miezi mitano. Nikiwa kwenye 75 hivi, tairi za mbele zikikanyaga rasta au kashimo, usukani unaanza kurukaruka mikononi, dashibodi inagonga, na hautulii mpaka gari likaribie kusimama. Mara ya kwanza ilinikuta Mikumi, nyuma yangu kuna lori. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikaushikilia usukani, nikasogea pembeni taratibu. Yakikukuta fanya hivyohivyo, usikanyage breki kwa nguvu.

Kila fundi alikuwa na jibu lake. Nikabalansi tairi, nikapima alaimenti, nikanunua shokapu mpya ya usukani. Hiyo shokapu ndiyo iliyonipoteza kabisa. Gari lilitulia wiki tatu, nikaamini limepona, kisha mtikisiko ukarudi na nguvu zaidi. Shokapu ile inafyonza mitikisiko. Ukiifunga kwenye gari lenye kitu kilicholegea, inauficha ugonjwa huku kile kilicholegea kikizidi kulika.

Kwa hiyo usinunue kitu kabla hujajua ni mtikisiko wa aina gani. Ukija kwenye mwendo fulani tu, labda 90, na kupotea ukiupita, shuku balansi, rimu iliyopinda, au tope lililokaukia ndani ya rimu (hili la tope watu wengi hulidharau, osha kwanza). Ukiusikia kwenye kiti zaidi kuliko kwenye usukani, angalia tairi za nyuma na propela shafti. Ukija unapofunga breki tu, kagua diski na ngoma. Lakini ukiamshwa na shimo na kukataa kutulia, kuna kitu kimelegea kwenye ekseli ya mbele au kwenye usukani.

Hapo mwite mtu mmoja akusaidie. Gari likiwa limekanyaga chini, achezeshe usukani kidogo kushoto na kulia, wewe ukiwa chini unatazama. Angalia tairodi endi (viungo vya mwisho vya rodi inayogeuza magurudumu ya mbele), kisha rodi ndefu inayoizuia ekseli isihame upande. Chuma kikisogea ndani ya bushi (mpira wa kwenye kiungo) kabla ekseli haijasogea, bushi imekufa. Zangu zilikuwa nzima.

Kisha nyanyua gurudumu kwa jeki, weka stendi, lishike juu na chini ulitikise. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki, utikise tena. Mchezo ukiisha, ni beringi za gurudumu. Ukibaki, ni kingpini, kile kiungo cha mwisho wa ekseli ambacho gurudumu hugeukia unapokata kona. Langu la kulia lilibaki vilevile.

Tulipofungua, ndani hakukuwa na grisi. Kulikuwa na uji mweusi, kwa sababu sili ya ekseli ilikuwa inavuja na mafuta ya difu yakaiyeyusha grisi yote. Nilipitisha ukucha kwenye kikombe cha beringi ya chini nikahisi vijishimo vimejipanga, kila kimoja pale rola ilipokuwa ikigonga. Kabla ya kufungua, baada ya kutoa tairodi, fundi aliligeuza gurudumu lile kwa kidole kimoja. Halipaswi kuwa jepesi hivyo: beringi za kingpini zinatakiwa zibanwe kiasi cha kukataa kidogo.

Tulibadilisha beringi nne, mbili kila upande, pamoja na sili. Ule ubanaji unapangwa kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kupangia nafasi. Ukipunguza shimu, unabana. Fundi alivuta mkono wa usukani (chuma kinachogeuza gurudumu) kwa mizani ya kuning'iniza, ileile ya kupimia samaki, akalinganisha kilo na kitabu cha gari. Fundi akikuambia anapima kwa mkono tu, mwombe atafute mizani.

Nimepita Mikumi mara nne tangu hapo, rasta zote, usukani umetulia. Baada ya kilomita 1,000 nilirudi gereji kukaza nati za mikono ya usukani pale kwenye kingpini. Mbili zilikuwa zimeshaanza kulegea.