Kiwango cha VAT si mpangilio wa programu

SWALI: Shikamoo. Nimeandika kwa Python programu ya mauzo ya duka la vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Mipangilio yote, kuanzia anwani ya hifadhidata na nywila hadi sarafu na kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani), iko kwenye faili moja, mipangilio.py, na kila moduli (sehemu ya programu) inalisoma yenyewe. Sasa mwenye duka anafungua tawi Dar es Salaam. Kila nikigusa kitu, kingine kinaharibika, na majaribio yangu ya kupima programu yanapita au kufeli kutegemea lipi limetangulia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba. Hayo majaribio yanakwambia ukweli, yasikilize. Moja linaweka VAT 18, asilimia ya Tanzania, kupima risiti ya Dar, linamaliza bila kurudisha 16 ya Kenya, na la Mombasa linalofuata linaikuta 18. Hesabu yako haina kosa. Tatizo ni kwamba hesabu_kodi(bei), sehemu inayokokotoa kodi, inakwenda kuchota kiwango kimyakimya mahali ambapo kila mtu anaweza kukibadilisha. Iandike hesabu_kodi(bei, kiwango). Anayeiita ndiye aipe kiwango, na majaribio hayatagombana tena.

Halafu pitia faili lako mstari kwa mstari ukijiuliza: hiki hubadilishwa na nani? Anwani ya hifadhidata hubadilishwa na fundi anapohamisha seva. Huo ni mpangilio kweli. Kiwango cha VAT hubadilishwa na serikali, na kila badiliko lina tarehe yake. Hiyo ni data, na mahali pake ni jedwali la hifadhidata lenye nchi, kiwango, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha.

Nasisitiza tarehe kwa sababu zimenitesa. Kenya ilishusha VAT kutoka 16% hadi 14% tarehe 1 Aprili 2020, ikairudisha 16% tarehe 1 Januari 2021. Mfumo niliokuwa nautunza wakati huo ulikuwa na namba moja tu, kama wako. Asubuhi ya mwaka mpya tuliibadilisha tukadhani tumemaliza. Kisha wateja wakaanza kurudisha bidhaa za Desemba, na mfumo ukawa unawatolea hati za marejesho zenye 16% kwa mauzo yaliyotozwa 14%. Tulizirekebisha kwa mkono, moja moja. Kwa hiyo kiwango kitafutwe kwa nchi ya tawi na tarehe ya mauzo ya awali, kamwe si kwa tarehe ya leo. Sarafu nayo ni sifa ya tawi, iandike kwenye rekodi ya tawi.

Yatakayobaki yatakuwa machache. Yasome mara moja tu programu inapowaka, yaweke kwenye dataclass (chombo cha Python cha kushikilia data) yenye frozen=True ili yasibadilishwe njiani, kisha kila sehemu ipewe kile inachohitaji tu. Moduli ya risiti haina haja ya kuijua nywila ya hifadhidata. Kitu cha lazima kikikosekana, programu igome kuwaka na itaje jina la kilichokosekana. Afadhali igome saa mbili asubuhi ukiwa hapo kuliko kuzimika katikati ya foleni ya wateja.

Angalia mtego mmoja: vigeu vya mazingira (thamani ambazo programu hupewa na mfumo wa kompyuta inapowaka) vyote ni maandishi. Ukiandika DEBUG=False kisha ukakisoma kwa bool(), Python itakupa True, maana maandishi yoyote yasiyo matupu kwake ni kweli. Linganisha neno lenyewe, na likija lisilotambulika, gomesha programu.

Nywila itoe kwenye faili leo hii. Ikiwa ilishaingia Git (mfumo unaotunza historia ya mabadiliko ya programu), kufuta mstari hakutoshi, kwa kuwa historia bado inayo. Ibadilishe nywila yenyewe kwenye hifadhidata.

Usivunje kila kitu kwa mpigo. Anza na VAT, maana ndiyo inayolizuia tawi la Dar. Tafuta kila mstari unaotaja mipangilio.VAT, uubadilishe upokee kiwango kutoka kwa anayeita, na endesha majaribio baada ya kila badiliko. Mstari wa mwisho ukiisha, lifute hilo jina kwenye faili ili asiwepo wa kulirudia.